Pesa yetu iko mu simu. Mwizi akipita, nani anajibu?

Wandugu vijana wa Kabondo, wa Mangobo, wa Tshopo, wa Makiso, wa Lubunga, wa komini Kisangani, na ninyi wote wenye kutusoma kutoka mbali,

Leo tuko na neno moja tu, na tutalisema wazi toka mwanzo. Hapa kwetu, pesa ikiibiwa mu simu ao kwenye karte ya banki, hasara yote inamwangukia mtu mwenye nguvu kidogo kuliko wote. Kampuni ya simu haipotezi kitu. Banki haipotezi kitu. Leta haipotezi kitu. Anayepoteza ni mama muuza samaki, ni mwanafunzi, ni ule kijana mwenye diploma anayekaa chini ya parasoli toka asubuhi mpaka usiku. Na kila mara wanamjibu neno lilelile: "Ni kosa yako, ulitoa kode."

Sisi tunakataa. Kujilinda ni lazima, na hapa chini tutaeleza namna, juu hatutaki mtu aendelee kuibiwa huku tunangoja sheria. Lakini usalama wa pesa ya mji mzima hauwezi kuishia kwenye kidole cha mama mmoja.

Simu njo banki ya Kabondo

Wengine watauliza: vijana bila kazi, mambo ya banki inawahusu nini? Inatuhusu sana. Mtu wa Kabondo akitaka banki anapanda toleka ao moto mpaka Makiso, anapanga mstari. Simu iko mu mfuko. Kenya walianza M-Pesa mu Machi 2007. Huku Kongo Vodacom ikaileta mu 2012, na leo Airtel Money na Orange Money ziko pia kila kona. Mzazi wa Isangi ao wa Bafwasende anatuma pesa ya masomo kwa mtoto wake wa UNIKIS bila kuweka enveloppe mikononi mwa mtu wa baleinière. Mtu wa toleka anaweka franka zake za siku mu simu juu anaogopa kulala nazo nyumbani. Mama anapokea pesa ya deni, analipa bidhaa, anachangia matanga, yote kwa simu.

Karte ya banki nayo haiko tena kitu cha wakubwa peke yao. Toka 2011 serikali ilianza kulipa wafanyakazi wake kupitia banki, na mwalimu wa shule ya msingi akajikuta na karte mu mfuko hata kama hajafundishwa namna ya kuilinda. Na sisi wenye kutafuta kazi tunaihitaji. Kuna fomu za masomo ya inje na mafunzo ya intaneti ambayo huwezi kulipia bila namba za karte. Kijana ambaye hana yake anaomba ya mwenzake.

Na tuangalie Goma. Mwisho wa Januari 2025, wakati M23 iliingia mu mji, mabanki yakafunga milango. Watu waliokuwa na pesa kwenye konti wakabaki wanaiota tu. Simu ndiyo ikabaki banki ya mji, na kutoa pesa taslimu ikawa ya bei kali. Wandugu zetu wa kule wanajua vizuri kwamba pesa ya simu haiko mchezo wa vijana. Siku mambo inaharibika, njo pumzi ya mwisho.

Kwa hiyo mtu akikuibia mu simu, hakukuibia uniti za kupiga kelele na marafiki. Alikuibia minervale, dawa, kapitali ya biashara.

Mwizi havunji mlango, anabisha hodi

Mu sinema, mwizi wa intaneti ni mtu mwenye kofia, kompyuta tatu mbele yake, anaandika haraka haraka. Huku kwetu mwizi iko na simu ya kawaida na sauti nzuri. Havunji mashine. Anakuomba funguo, na wewe unampa. Tueleze njia zake, juu ukizijua utamsikia kabla hajamaliza sentensi.

Njia ya kwanza ni "pesa ya makosa". Unapata mesaji inayosema umepokea pesa. Dakika mbili, simu inalia: "Mama, unisamehe, nilikosea namba, ile pesa ilikuwa ya mtoto iko hospitali, unirudishie tafadhali." Mama ni mtu wa huruma, anarudisha. Lakini hakuna pesa iliyoingia. Ile mesaji iliandikwa na mwizi mwenyewe kwenye simu yake, ikatumwa kutoka namba ya mtu, haikutoka kwa kampuni. Dawa yake ni moja: usisome mesaji, soma salio. Fungua menu mwenyewe, angalia ni ngapi iliyoko. Kama salio haikupanda, hakuna deni. Na hata kama ilipanda kweli, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apite kwa kampuni yake, njo wenye njia ya kurudisha.

Njia ya pili ni "mtu wa kampuni". Anakuita kwa jina lako, wakati mwingine anajua mpaka kiasi ulichotoa jana. Unashangaa alijuaje. Angalieni kaye za maajenti: jina, namba ya simu, kiasi, vyote vimeandikwa, na kaye iko wazi juu ya meza ambapo kila mtu anapita. Picha moja inatosha. Halafu anakuambia konti yako itafungwa leo saa kumi na mbili, na umsomee ile kode inayoingia sasa hivi. Ile kode ni yeye aliyeiomba, juu anajaribu kubadilisha kode yako ya siri ao kufungua konti yako kwenye simu yake. Kode inayokuja kwa mesaji ni ufunguo. Hakuna mtu wa kazi ya kweli anayeomba umsomee ufunguo wa nyumba yako.

Njia ya tatu ni WhatsApp. Namba sita zinaingia kwenye simu yako, rafiki anakuandikia: "Yaya, nilituma kode kwako kwa kukosea, unitumie." Ukituma, WhatsApp yako imeenda kwake. Kesho yake ni jina lako linaloomba dola 50 kwa wajomba wote wa Kinshasa, na watatuma juu wanakupenda. Ndiyo maana uweke ile kode ya pili ya WhatsApp, ya hatua mbili. Ni dakika moja tu.

Njia ya nne ni mbaya zaidi, juu wewe huko ndani kabisa. Mwizi anaenda kwenye duka fulani na kitambulisho cha uongo, anasema amepoteza sim, anaomba nyingine yenye namba yako. Simu yako inakufa ghafla: hakuna rezo. Unafikiri ni antena, juu huku kwetu rezo inakatika kila siku. Wakati unangoja irudi, kode zote za banki na za simu zinaingia kwake. Rezo ikipotea kwako peke yako wakati ya majirani iko, usingoje kesho. Kimbia dukani siku hiyohiyo, na upige kwa banki kwa simu ya mwenzako.

Njia ya tano inawalenga maajenti, yaani wengi wetu. Mteja anafika jioni, kuko watu wengi, anajifanya anatoa pesa. Mesaji ya uongo inaingia kwenye simu ya ajenti, inafanana na ya kweli. Ajenti anahesabu noti, anampa. Usiku akifanya hesabu, kapitali iko na shimo. Na kapitali mara nyingi haiko yake, ni ya patron ao ya likelemba ya familia. Atalipa miezi na miezi kutoka kwenye komisiyo ndogo ile.

Karte: namba zake ni pesa

Kwenye karte ya banki, wengi wanalinda kode ya siri na kuacha yote mengine wazi. Lakini kwa kununua kwenye intaneti, mara nyingi kode ya siri haihitajiwi. Zinahitajiwa namba ndefu za mbele, tarehe ya mwisho, na namba tatu za nyuma. Mwenye kuwa na vitu hivyo vitatu iko na mlango. Kwa hiyo usitume picha ya karte kwa WhatsApp, hata kwa rafiki mzuri. Yeye anaweza kuwa mtu wa haki, lakini picha inabaki mu simu yake, na simu yake itaibiwa siku moja ao itauzwa.

Kuko pia imani ya ile kufuli ndogo inayoonekana juu ya saiti. Tuliambiwa: ukiona kufuli, lipa bila woga. Hapana. Kufuli inasema tu kwamba njia kati ya simu yako na ile saiti imefunikwa, mtu wa katikati hawezi kusoma. Haisemi kama mwenye saiti ni mtu wa haki. Mwizi naye anaweza kuweka kufuli kwenye saiti yake, na haina bei. Angalia jina lenyewe la saiti, herufi kwa herufi. Programu ya banki uichukue kwenye duka rasmi la programu, usiichukue kwenye faili aliyokutumia mtu mu grupu.

Na kama unahitaji karte kwa intaneti, uliza karte ya kulipia mbele, ile unayoweka kiasi unachotaka tu. Weka pesa ya fomu, lipa, acha ikae tupu. Mwizi akifika atakuta nyumba haina kitu.

Barabara ya mwenye kuibiwa

Hapa njo tunafika kwenye hasira yetu. Kila tuliyoandika juu ni kazi ya mtu binafsi. Sasa tuulize: mtu akiisha kuibiwa, anaenda wapi?

Kila mtu Kabondo anaijua hii barabara. Unarudi kwa ajenti, anakuambia hawezi kitu, yeye ni ajenti tu. Unapiga namba ya huduma, muziki unacheza, halafu sauti inakuambia pesa imeisha kutolewa. Unauliza ilitolewa na nani, wanajibu hawawezi kusema bila karatasi ya parke. Unaenda kwenye komisariati, wanakuomba pesa ya kufungua faili, na ya mafuta ya moto. Unaenda parke, wanasema ulete ripoti ya kampuni. Kampuni inasema ilete parke. Mviringo umefunga. Juma la pili unahesabu: umetumia pesa mingi kwa kutembea kuliko ile iliyoibiwa. Unaacha. Mwizi anajua utaacha. Biashara yake imejengwa juu ya kuchoka kwako.

Sheria haikosekani. Kuko Sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya mifumo ya malipo. Kuko Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano. Kuko Kode ya Numeriki, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayozungumza uhalifu wa kompyuta na ulinzi wa habari za watu. Kuko Banki Kuu ya Kongo ya kuchunga mabanki na pesa ya elektroniki, na kuko ARPTC ya kuchunga kampuni za simu. Karatasi ziko nyingi. Kinachokosekana ni meza moja mu mji wetu ambapo mama anaweza kukaa, kusema kilichomfika kwa Swahili ao kwa Lingala, na kutoka na namba ya faili.

Watatuambia: "Ni vigumu kumfuata mwizi, sim zinauzwa ovyo." Tukumbushane RAM. Mu 2020 serikali kupitia ARPTC ilianza kuandikisha kila simu ya nchi hii. Kwa kila simu walijua ni ya aina gani, na pesa ilikatwa kwenye uniti zetu wenyewe bila kutuuliza. Sababu waliyotoa ni kwamba inatulinda na simu za wizi na za uongo. Watu walikataa, vijana walipiga kelele, na mwanzoni mwa 2022 RAM ikaondolewa. Hatutaki irudi. Lakini tulijifunza kitu: wakati Leta inataka pesa yetu, kila simu inajulikana. Wakati pesa yetu inapotea, ghafla hakuna simu inayojulikana. Basi ugumu hauko kwenye mashine. Uko kwenye nia.

Na hicho kitambulisho cha kununulia sim? Wakongomani wengi hatuna karte ya uraia, tunatumia karte ya kuchagua. Zile za 2023, watu wa nchi nzima waliziona zikifutika: picha inaondoka, jina linaondoka. Mtu akija na karte yenye uso usioonekana, mwenye duka anahakikisha nini? Leta iliyotupa karatasi inayofutika haiwezi kutuambia kwamba tulikuwa wazembe.

Kwingine hasara inabebwa na nani

Musifikiri kwamba wezi ni wa Kongo tu. Tanzania wanajua ile mesaji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" kama sisi tunavyojua mvua. Lakini kule TCRA iliweka namba 15040, raia anapeleka ile mesaji na namba ya tapeli, bure. Na toka 2019 walianza kuandikisha sim kwa alama za vidole. Wizi haukuisha, lakini raia iko na mahali pa kugonga.

Uganda, mu Oktoba 2020, wezi waliingia kwenye mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha pesa za simu na mabanki. Walitumia sim karibu 2,000 kutoa pesa. MTN, Airtel na Stanbic zikasimamisha huduma kati yao. Tuelewe vizuri: pale hakuna mama aliyetoa kode. Mlango ulikuwa wa wakubwa, na wezi wakapita. Ndiyo maana ile sentensi ya "ni kosa yako" haiwezi kuwa jibu la kila kitu.

Mu Umoja wa Ulaya sheria imeamua mambo haya mbele. Mteja akisema hakuruhusu malipo fulani, banki inapashwa kumrudishia mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Sehemu anayoweza kubeba yeye haipite euro 50, isipokuwa yeye mwenyewe alidanganya ao alizembea sana. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: toka tarehe 7 Oktoba 2024, hata mtu aliyedanganywa akatuma pesa kwa mkono wake mwenyewe kwa banki anarudishiwa, mpaka paundi 85,000, na hasara inagawanywa nusu kwa nusu kati ya banki iliyotuma na banki iliyopokea.

Unajua kwa nini mabanki ya kule yanafanya juhudi kufunga mashimo? Haiko upendo. Ni kwa sababu shimo likibaki wazi, ni pesa yao inayovuja. Hilo njo fundisho lenyewe: yule anayebeba hasara ndiye anayetafuta dawa. Huku hasara inabebwa na mama, na mama hawezi kutengeneza mitambo. Ndiyo maana hakuna dawa.

Tunasikia jibu: "Mukirudishia kila mtu, kesho kila mtu atasema aliibiwa." Ni swali la haki, tulijibu. Hatuombi kila mtu arudishiwe bila uchunguzi. Tunaomba uchunguzi uwepo, uwe na siku ya mwisho, na matokeo yaandikwe. Pale ambapo sim ilibadilishwa bila mwenyewe, pale ambapo mtu wa ndani alitoa habari, pale ambapo mtambo ndio ulikosa, mteja arudishiwe. Kampuni inayoweza kukata makato kwenye kila franka tunayotuma inaweza pia kulipa watu wa kuchunguza.

Wizi wa sahihi

Kisangani tuko na sababu nyingine ya kufungua macho. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na vita ya Siku Sita ya Juni 2000, iliyoua watu wetu, imo mu ile hesabu. FRIVAO iliundwa kwa kugawa pesa hiyo kwa wahanga, na makao yake yako hapa mjini. Septemba 2025, Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu waziri wa zamani wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi za lazima kwa kugeuza dola milioni 19 za pesa hiyo ya Uganda, zilizosemwa ni za kujenga gereza hapa Kisangani. Yeye alikana mpaka mwisho.

Tunaleta hiyo kesi kwa sababu moja. Kwenye konti ile hakuna mtu aliyedanganywa kwa simu. Pesa ilitembea kwa karatasi na sahihi, kutoka banki mpaka kwenye konti ya kampuni. Usalama wa banki hauko kode za siri peke yake. Ni pia kujua nani anaweza kusaini, nani anaangalia, na raia anajulishwa saa ngapi. Na wandugu ambao familia zao zinangoja malipo, mukae macho: mahali watu wengi wanangoja pesa, wezi nao wanangoja. Mtu akikupigia kwamba dosye yako imekubaliwa, utume kwanza pesa ya kuifungua, ufunge simu. Mwenye kukulipa hakuombi umlipe.

Mwizi ni nani

Sasa neno gumu. Ile sauti nzuri kwenye simu, mara nyingi ni ya kijana. Anaongea Kifaransa kizuri, anajua kuandika, anajua kompyuta. Alikaa pengine kwenye benchi moja na sisi. Alitafuta kazi, akaandika barua, akaambiwa angoje, akachoka kungoja.

Tunajua njaa ile, tunaishi nayo. Lakini njaa yetu haikutengenezwa na mama muuza pondu. Kijana anayemwibia mama wa Mangobo hapigani na mfumo; anaufanyia kazi bila mshahara. Anachukua kwa yule ambaye wakubwa walikwisha kumchukulia. Na kila mara anapofaulu, mama mwingine anarudisha franka zake chini ya godoro, na ajenti mwingine, kijana mwenzetu, anafunga parasoli.

Upande wa pili, tunasema kwa nguvu hiyohiyo: mwizi akishikwa, tusimchome, tusimpige mpaka kufa. Tumeona ile mu mji huu, na haijarudisha hata franka moja. Mtu aliyekufa hataji wenzake, wala duka lililompa sim.

Tunachoomba

Kwa kampuni za simu na mabanki yenye kufanya kazi Kisangani:

1. Namba ya bure, yenye mtu anayejibu kwa Swahili na kwa Lingala, na kila anayelalamika apewe namba ya faili palepale.

2. Mtu akijulisha wizi, konti iliyopokea isimamishwe palepale kwa saa 72, mbele ya kuanza mabishano.

3. Sim ikibadilishwa, pesa isitoke kwa saa 48, na namba ya zamani ipigiwe kwanza.

4. Kaye zenye majina na namba za wateja zifungwe. Ajenti apewe njia nyingine ya kuandika.

5. Maajenti wapewe mkataba wa kuandikwa na mafunzo, na hasara ya mesaji ya uongo isiwe ya kwao peke yao.

Kwa Banki Kuu na ARPTC: kila miezi 3 mutangaze malalamiko ni ngapi kwa kila kampuni na kila banki, ni ngapi yaliyojibiwa, na watu wangapi walirudishiwa. Kampuni inayoona haya itafunga shimo lake.

Kwa parke na polisi ya Tshopo: muweke watu waliosoma Kode ya Numeriki, na kufungua faili kusiwe na bei ya chini ya meza.

Na sisi je? Kuanzia juma hili, kila mmoja achukue watu watatu wa nyumba yake ao wa jirani: mama, koko, mdogo wa shule. Mufundishe mambo manne tu: kode haisomwi kwa mtu yeyote, hata ajenti, salio njo ukweli, mesaji haiko ukweli, rezo ikipotea peke yako, ukimbie, pesa ya kupokea pesa hailipwi. Musiseme kwa Kifaransa cha shule. Museme kwa lugha ya jikoni.

Na anayeibiwa asinyamaze kwa haya. Andika tarehe, saa, namba ya mwizi, kiasi, jina la duka ulilokwenda, na jibu walilokupa. Chunga ile mesaji, usiifute. Lalamiko moja wanalitupa. Malalamiko mia moja yenye tarehe na saa, yakiwekwa juu ya meza moja siku moja, yanakuwa ushahidi, na hakuna mkubwa anayeweza kuambia watu mia moja kwamba wote walikuwa wazembe.

Pesa yetu ni kidogo. Ndiyo sababu hatuna hata franka moja ya kumpa mwizi, na hata moja ya kumsamehe anayemfungulia mlango.

Imeandikwa Kabondo, Kisangani.
Kijana mwenye diploma, bila kazi, bila woga.